Mwenye Alama Moja

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo, hali ya mama ni ileile. Barua yako ya mchezo wetu, ule wa vita vya kubuni tunaoucheza kwa barua, imefika na imenikera. Umemwua askari wangu kwa kurusha dadu mara moja! Mwaka mzima anapigwa marungu, hata hachechemei. Analala pangoni usiku mmoja, anaamka na alama zake zote arobaini za uhai. Leo mkwaruzo tu unamwangusha? Nyama gani hiyo? Msimamizi wa mchezo ni wewe, sawa, ila usinifanye mjinga.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Kazi ya kuchomelea mageti inatutoa jasho, ila mimi mzima. Mama hajambo?

Miaka yote unacheza, bado hujui alama za uhai ni nini. Si nyama wala damu. Ni pumzi, bahati, moyo wa kukwepa. Ndiyo maana usingizi unazirudisha. Mwenye alama moja anapiga upanga sawasawa na mwenye arobaini. Hakuna anayemwona amechoka mpaka aanguke. Kanuni ndiyo hiyo, usinililie.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zako zikae hukohuko. Barua yako nimeisomea juu ya ndoo, nikisubiri mashuka ya mama yakauke. Tangu apooze, miaka mitatu, namgeuza peke yangu. Ulipokuja uliniona nacheka, ukasema, "Dada, wewe chuma," kesho yake ukaondoka. Kumbe kanuni unaijua! Jana nimemkaripia mama mpaka akalia. Naogopa nitakachofanya kesho. Njoo unipokee.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usichanganye mchezo na mambo ya nyumbani. Likizo nimeomba ya mwezi wa nane. Na mbona siku zote hukulalamika? Vumilia, wewe chuma.

Mdogo wako

4 Mei, mezani sebuleni

Mdogo wangu,

Pole na safari. Jirani ameshakufungulia mlango. Simu aliyokupigia ni uongo wangu: mama hajazidiwa, nimezidiwa mimi. Mgeuze kila baada ya saa mbili, ubavu wa kushoto kwanza, asipate vidonda. Akiniulizia, mwambie nimekwenda kulala, wala hutakuwa umemdanganya. Usinitafute. Na watu wakija kumwona, jitahidi ucheke, watakuita chuma.

Nitarudi alama zangu zikirudi.

Dada yako