Usije Mwezi wa Saba

Maskati, 14 Aprili 2024

Shikamoo Mama,

Habari za hapo Masumbwe, na presha yako inasemaje? Mimi na mume wangu wazima, tumbo linakua, daktari anasema nitajifungua mwanzoni mwa Julai. Nakuandikia ndefu hivi maana tukipiga simu mtandao unakatika hata hatujamaliza kusalimiana.

Kalisti anataka kukukatia tiketi uje utusalimie, nami nakuomba uje Januari. Kuanzia Novemba mpaka Machi huku hewa ni nzuri, watu wanatembea ufukweni na watoto, jioni unajitupia kitenge begani. Mwezi wa saba hapafai, Mama. Upepo wenyewe unatoka jangwani ukiwa wa moto, halafu bahari inaongeza fukuto. Mchana mtu hatoki nje. Tafadhali usije mwezi wa saba.

Mwanao, Limi

Masumbwe, 16 Aprili 2024

Marahaba mwanangu,

Nilikuwa mzima mpaka nilipokusoma. Presha ilikuwa imetulia, wewe umeipandisha.

Eti Januari! Januari mimi niko kwenye majaruba, matope magotini. Mpunga nimwachie nani? Mwezi wa saba ndio watu wanasafiri, mavuno yako ndani, baridi imeingia, tunalala na blanketi mbili. Halafu uzazi wa kwanza huo, uzae ugenini bila mama yako? Nani atakukanda? Nani atamwogesha mtoto? Kalisti? Usinichekeshe.

Na jua usinifundishe. Nimechuma pamba juani wewe ukiwa mgongoni. Kama unaona aibu na mama wa shamba anayenuka moshi wa kuni, sema tu, nitaelewa.

Mama yako

Maskati, 17 Aprili 2024

Shikamoo Mama,

Umeniliza. Aibu gani tena? Ninaogopa, basi. Jua la huko ukikaa kivulini unapona. La huku kivuli hakisaidii, hata usiku ukuta unatoa joto. Watu tunaishi kwa kiyoyozi.

Kama huna budi kuja mwezi huo, niahidi kitu kimoja: utakaa ndani, na mashine ya baridi haitazimwa. Niahidi, Mama.

Mwanao, Limi

Masumbwe, 19 Aprili 2024

Marahaba,

Nakuja. Mwambie mkwe wangu akate ya mwezi wa saba. Karanga nitakaanga, unga wa ulezi nitasaga, na sweta la mtoto nimeanza kulifuma. Hayo ya mashine tutayaongea hukohuko.

Mama yako

Masumbwe, 25 Agosti 2024

Mwanangu Limi,

Hujambo? Mtoto je? Nimefika salama zamani, kila nikikupigia hupokei. Watu hapa wananiuliza mjukuu anaendeleaje, nasema mzima, na ukweli ni kwamba sijui. Nilimwacha hospitali na mipira puani. Kalisti akanipeleka uwanja wa ndege, na wewe hukutoka kuniaga.

Limi, siku ile ulikwenda kuangaliwa mshono. Ndani mlikuwa na baridi, mtoto akapiga chafya. Wewe unajua kwetu mzazi na mtoto mchanga hawakai kwenye baridi, wanaingiwa na kichomi. Nikaizima mashine, nikafunga madirisha, nikamvisha sweta na kofia, nikamfunika. Alipotulia nikafurahi. Nikasema mjukuu wangu amepata usingizi.

Ulipomshika ukapiga ukelele. Mpaka leo nausikia nikiwa jikoni, naacha ninachofanya.

Sina la kujitetea, uliniambia. Lakini usininyime habari. Yule ana jina la marehemu baba yako. Kama kuna baya, niambie, nilie na mimi.

Mama yako

Maskati, 20 Oktoba 2024

Shikamoo Mama,

Ndaki ni mzima. Naanza na hilo ili upumue.

Sitakudanganya, nilikuwa na hasira nawe. Kila nikishika simu nikuandikie, namwona alivyolegea mikononi mwangu, mwili unachoma, macho hayafunguki. Nikawa naiweka chini. Nilikuwa nimekuomba kitu kimoja tu, Mama. Kimoja.

Daktari alikuwa hataki kutuhakikishia lolote mpaka ampime tena. Wiki hii amempima, anasema hakuna kilichoharibika. Anafuata mwanga, anashika kidole, anacheka na baba yake kuliko na mimi.

Juzi alipiga chafya, na kabla sijafikiri mkono wangu ulikuwa umeshashika sweta. Nikakaa chini nikalia peke yangu. Nani alinifundisha kulea kama si wewe?

Joto limeanza kupungua. Njoo Januari.

Mwanao, Limi

Masumbwe, 22 Oktoba 2024

Marahaba, marahaba mwanangu,

Nimepiga magoti hapa uani mpaka Melania wa jirani akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwonyesha simu, tukalia wote wawili. Asante Mungu. Asante na wewe kwa kuniandikia.

Januari nitakuja. Majaruba nimempa Melania alime yeye, tutagawana atakapovuna.

Ila nina ombi, na usinibishie. Usiniache peke yangu na mtoto. Hata ukiingia kuoga, nenda naye, au mpe jirani. Nitamwangalia kwa mbali, inanitosha. Mikono hii naiogopa sasa, Limi.

Mama yako

Maskati, 23 Oktoba 2024

Shikamoo Mama,

Tiketi ni ya tarehe kumi Januari. Kalisti ameshalipia.

Ukifika utaoga, utakula, utalala upumzike. Kesho yake asubuhi mimi na Kalisti tutakwenda sokoni, na tutachelewa kurudi. Ndaki atabaki na wewe.

Mwanao, Limi