Bakuli la Msiba Mbele ya Darasa la Yerevan

Shoga Corinne, nimeumbuka! Nimeumbuka mbele ya nchi mbili!

Leo wanafunzi wangu wamekutana kwa video na darasa la Yerevan, Armenia. Mmoja wao, Tucker, akainua bakuli la viazi na nyama mbele ya kamera. "Hiki ndicho chakula chetu cha msiba. Tunakiweka mlangoni kwa mfiwa, tunabonyeza kengele, tunakimbia."

Binti mmoja, Anush, akashangaa. "Mnakimbia? Kwa nini?"

"Asije akatulilia!" Tucker alisema kwa fahari, Corinne. Kwa fahari! "Mwalimu wetu amefiwa na mama yake. Friji lake limejaa."

Anush akanigeukia. "Pole, mwalimu. Nani alikaa nawe?"

Nikamwambia ukweli: hakuna. Hata wewe, mwenzangu, uliacha makaroni mlangoni ukawasha gari.

"Basi sisi tutakaa," akasema. "Mama aliitwa nani?"

Tangu mazishi hakuna mtu hapa Minnesota aliyeniuliza lolote kuhusu mama. Nikasema, "Verna." Machozi yakanitoka, na darasa langu zima likainamia madawati.

Mkuu wa shule alikuwa akitutazama. Ameniandikia sasa hivi: "Pole kwa hitilafu ya leo. Kipindi kijacho zungumzeni kuhusu hali ya hewa."