Siumwi Popote, Lakini Namficha Mke Wangu

Shangazi mshauri, nisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana mke wangu ana mimba ya miezi minane na mimi sina usingizi. Mimi ni seremala, mwaka juzi dada yangu alipofanyiwa upasuaji nilikwenda kumtolea damu, muuguzi akaniita pembeni akasema damu yangu ina virusi vya homa ya ini aina ya B, baada ya miezi sita wakanipima tena wakavikuta bado vimo, daktari akaniagiza niwe narudi na nimlete mke wangu apimwe, nikaitikia, nikatoka, sikurudi. Siumwi, Shangazi, naranda mbao kutwa nzima, nakula vizuri, nikajiambia labda wamekosea, lakini tangu hapo sahani yangu naosha mwenyewe, mwanangu wa kwanza simbusu, na tangu mimba hii ijulikane nalala kwenye kochi nikisingizia mgongo. Nikimwambia ataondoka, nisipomwambia namwogopea mtoto. Nifanyeje?

Seremala mwenye hofu

Fundi, barua yako sikuipanga foleni. Uliacha namba, nikakupigia siku ile ile, kwa sababu mtoto hangoji gazeti litoke. Hapa nawajibia na wenzako wanaojificha.

Pole sana. Kuugua si kosa lako. Kumficha mkeo ni kosa lako, na hilo usimsingizie kirusi.

Kutoumwa si kupona. Kirusi huingia ndani ya seli za ini na kuzitumikisha zitengeneze virusi vingine, na seli inaweza kuendelea na kazi zake kama kawaida. Kinga ya mwili wako ndiyo huja kuiua ili imtoe mgeni. Ini huotesha seli mpya, nazo huingiliwa, nazo huuawa, na panabaki makovu. Yakijazana miaka na miaka ini hukakamaa, au seli huharibika ikazaa saratani, na muda wote huo huenda usisikie hata kichomi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kuhusu sahani, umejitesa bure. Virusi hivi haviambukizi kwa chakula, na mwanao mbusu. Hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa.

Jana ulinipigia ukasema umemwambia mkeo. Naye akakwambia, "Miezi yote hii nilijua una mwanamke mwingine." Ukashangaa! Ulitaka afikiri nini?

Hakuondoka. Amekubali kupimwa, basi usimwache aende peke yake. Akikutwa navyo, zipo dawa za kupunguza hatari kwa mtoto. Akiwa hana, aulize chanjo yake. Vyovyote iwavyo, mtoto achanjwe ndani ya saa ishirini na nne baada ya kuzaliwa, na yule mkubwa apimwe. Wewe ukapimwe damu na ini, uache pombe na dawa za mizizi ya kuchemsha, na tarehe utakayopewa uifuate hata ukijisikia una nguvu za punda.

Kesho karakana ifungwe. Mteja akiuliza, aambiwe fundi yuko kliniki na mkewe.