Neno Marehemu Lilivyomfikia Kichanga

Mtwara, Jumatano, Novemba 2005

...na bado namwona Bi Somoe wa Ufukoni, amesimama mbele ya meza yangu ofisini.

"Mwanangu, baba nimemzika, sikatai. Lakini mimi nimekufa lini?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka.

"Na mjukuu wangu hata arobaini hajafika, mwenyekiti wa mtaa kashamsoma kwenye orodha kuwa marehemu mbele ya mkutano. Mama yake hali chakula tangu jana."

Orodha ile ya wakazi niliichapa mimi. Kwenye Haskell, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilieleza familia hivi: mtu, na ndani yake watoto, kila mmoja naye ni mtu mwenye watoto wake. Kisha nikaandika fomula moja ya kupita familia yoyote, ili iweke "marehemu" kwa yule mzee, baba yake Bi Somoe. Sikuiambia iishie kwake. Ikashuka kizazi kwa kizazi mpaka kwa kichanga. Nilijivunia ufupi wake, wala sikuijaribu.

Nikamjibu, "Mashine imekosea, mama."

Uso ukamlegea. "Alhamdulillahi! Tulidhani kuna mtu anamtakia mabaya. Ngoja nikamwambie mama yake. Ahsante, mwanangu."

Mashine ilifanya nilivyoiagiza. Na ahsante ile niliipokea.