Paka Wako na Sanduku la Baba Yako

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Profesa wangu,

Hujambo, mwanangu? Kifua kimepona? Vaa soksi, hata kama huko hakuna anayekuona miguu. Sisi hatujambo, ila goti langu, nalo tumeshalizoea.

Barua yako ya paka nimeisoma na kuirudia. Eti paka kafungiwa sandukuni, na mpaka mtu afungue, yu hai na amekufa kwa pamoja! Lo! Paka wetu akifungiwa kabatini, mtaa mzima unajua yuko hai. Lakini nimeelewa unakozungukia. Usipompigia baba yako simu, basi amekusamehe na hajakusamehe, na hiyo nusu inakutosha. Haikutoshi, mwanangu. Ungekuwa umeshiba usingeniandikia.

Gemu lenu, wewe na baba yako, nalikumbuka. Nikipita na ufagio mbele ya runinga mlikuwa mnanifukuza kama kuku. Yule mhunzi wa ngomeni, na mwanafunzi wake anayetaka kuondoka. Mwisho mchezaji achague, amfungulie lango au alifunge. Mlifika hapo jioni ile uliyomwambia baba yako kwamba karakana huitaki, unakwenda kusoma fizikia. Mkagombana, ukaondoka, yeye akabaki na rimoti ya gemu mkononi. Tangu siku hiyo unaamini alilifunga.

Sasa sehemu ya pili ya gemu imetoka, na binamu yako Domo kamnunulia baba yako. Fundi simu wa pale kona akatueleza kwamba hii hubeba maamuzi yote ya ile ya kwanza: uliyemfungulia utamkuta njiani, uliyemfungia ndiyo basi tena.  Kaka yangu akaiweka juu ya kabati na nailoni yake, mpaka leo.

Nami unanijua, umbea hauniishi. Alipokwenda kuchomelea geti la shule, nikafungua lile sanduku la chuma alilotengeneza kuikinga mashine ya gemu na vumbi. Nikaiwasha, nikatafuta mlipoishia.

Profesa, hajachagua! Mhunzi bado amesimama, mwanafunzi amebeba mzigo wake, na swali liko palepale kwenye kioo: fungua au funga? Miaka yote hii.

Akanifuma. Nikasema leo nimekwisha. Wala hakufoka. Aliketi, akafuta rimoti zote mbili kwa shati lake, akasema, "Huo uamuzi ni wa watu wawili, dada. Mwenzangu hajafika." Nikalia, sikujificha, naye akajifanya anatafuta bisibisi.

Basi hilo unaloliogopa halimo sandukuni. Mle hamna jibu, mna mzee anayekungoja. Sikuambii uje kesho, najua nauli na mitihani. Lakini simu unayo, na kidole unacho.

Bibi yako anakusalimu, anasema mtoeni huyo paka wa watu. Domo anakusalimu, na fundi simu pia. Mungu akufunike popote ulalapo, na akupe moyo mwepesi.

Baba yako hajui kama nakuandikia. Ila asubuhi, tukinywa chai, ameniuliza kama huko uliko saa hizi ni usiku au mchana.

Wako akupendaye na kukugombeza,
Shangazi