Mpira Wenye Kona

Jumatatu, tarehe 3

Mpwa wangu,

Hujambo? Na dada yangu moyo wake unaendeleaje? Mimi sijambo, ila mji huu hauniachi nipumue, maana injini haziwaki mpaka nipite karibu. Juzi lori lilizima barabarani. Nikakohoa tu, likanguruma.

Umeniuliza mipira ya rejeta, ile inayopeleka maji kwenye injini, kwa kuwa tarehe 17 unampeleka mama yako hospitali kupasuliwa, na safari iliyopita gari lilichemsha mlimani. Hapo umebisha mlango wenyewe. Ya zamani ibonyeze injini ikiwa baridi. Ikilia kama mkate mkavu, tupa. Mipya yenye kona usihangaike nayo: nunua mpira ulionyooka, ukate, uupinde, ukaze klipu. Hivyo ndivyo nilivyolifungia gari la mkubwa mmoja, akaenda nalo mpaka barabara ikaisha.

Mjomba wako, tabibu wa injini

Ijumaa, tarehe 7

Shikamoo mjomba,

Natumaini u mzima. Mama yuko vilevile. Ngazi anazipanda kwa vituo, akisimama anajifanya anatazama maua.

Nimefunga ulivyosema, nikawasha gari uani. Mshale wa joto ukafika kwenye nyekundu kabla chai yangu haijapoa. Pale kwenye kona mpira umejikunja kama shingo ya kuku aliyenyongwa, maji hayapiti. Muuzaji anasema nichukue uliotoka kiwandani na kona yake, na ule wa chini ya rejeta uwe na springi ndani usije ukanywea. Nimsikilize nani? Daktari amesema tukiikosa tarehe hiyo, zamu nyingine haijulikani.

Njoo ufunge mwenyewe, mjomba. Naogopa ule mlima.

Mpwa wako

Jumatatu, tarehe 10

Mwanangu,

Salamu tele kwako na kwa mgonjwa wetu. Huyo muuzaji kasema kweli, na si ajabu, baba yake nilimfundisha mimi. Nilikuwa nakupima tu. Beba mpira wa zamani dukani, ulinganishe kona kwa kona, tundu kwa tundu. Kuja siwezi. Nikitoka, karakana nzima inafungwa.

Mjomba

Alhamisi, tarehe 13

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima kiasi. Mipira yenye kona imekaa kama imezaliwa pale. Nimezunguka mtaa mzima, mshale umetulia katikati. Gari sasa halina neno. Mwenye neno ni mama. Ameitoa nguo yake ya safari kwenye begi, ameirudisha kabatini.

Amesema, "Tangu nianze kuumwa ndugu yangu hajanitia machoni. Bila yeye sipandi gari."

Nimebembeleza mpaka nimechoka. Zimebaki siku chache, mjomba.

Mpwa wako

Jumamosi, tarehe 15

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, sikuweza kukaa. Mwambie dada yangu airudishe nguo begini. Barua hii naituma na basi la leo, kesho nakuja mwenyewe. Nitakaa naye kiti cha nyuma, nimshike mkono, na mlimani nitaisikiliza hiyo mipira kwa sikio hili hili linaloogopwa na mafundi watatu.

Karakana haifungwi nikitoka. Hawatajua hata kama sipo. Kilichonizuia ni kingine, na mama yako asikisikie: gari likikata kona mbili, mimi hutapika. Tangu utoto, mpaka leo na mvi zangu.

Na mlima ule una kona nyingi. Niwekee ndoo, mwanangu. Yenye mfuniko.

Mjomba wako