Waya, Aliyemaliza Maji ya Kidimbwi ni Mimi

Mpendwa Waya,

Naanza na jina hilo kwa sababu "shangazi" sikuwahi kukuita hata siku moja. Ulikuwa dada ya baba yangu, na kwa Kijaluo dada ya baba ni Waya. Hata wageni wa Nairobi waliofika pale hotelini kando ya ziwa, nje kidogo ya Mbita, walikuita hivyo wakidhani ndilo jina la kitambulisho. Miaka kumi na mmoja ulitunza kidimbwi cha kuogelea cha hoteli ile, na miaka yote hiyo hukutia majini zaidi ya mkono. "Mimi ni wa kuosha, si wa kuogelea," ulikuwa ukisema, na ulicheka kabla sisi hatujacheka.

Nakumbuka ile Novemba uliyonipeleka kazini. Nilikuwa nimemaliza shule, nimekaa mwaka mzima nikianika omena, wale dagaa wa ziwani, za mama, na baba alikuwa ameanza kuniangalia kwa jicho la "huyu ataolewa lini". Ukamwambia meneja una mtu. Akakubali kwa sharti: mwezi mmoja wa kujaribiwa, na nikikosea, niende zangu. Uliniambia hayo getini kabisa, nisipate nafasi ya kukimbia, ukaongeza, "Usiniangushe, nyathina." Mtoto wangu. Uliniita hivyo hata mbele ya watoto uliowazaa.

Kidimbwi kilikuwa kimefungwa tangu wageni wa Agosti waondoke, na wageni wa Desemba walikuwa njiani. Tulipotoa turubai tulikuta maji ya kijani kibichi na familia nzima ya vyura. Ulinionyesha kazi kwa utulivu: kuopoa majani, kupunguza maji hadi nusu, kusugua kuta, kujaza tena, kisha dawa. Ukawasha pampu ya kutoa maji. Dawa ilikuwa imeisha, kwa hiyo ukaita bodaboda uende Mbita kuichukua.

"Maji ikifika ngazi ya tatu, zima pampu," uliniambia. "Usimalize."

"Kwa nini, Waya?"

Kijana wa boda alikuwa anapiga honi. "Nitakuambia nikirudi."

Lakini mama yangu unamjua. Kwake pipa halijazwi juu ya maji ya jana. Linamwagwa lote, linasuguliwa kwa mchanga, linasuuzwa, ndipo lijazwe. Niliona nusu ni kazi ya uvivu, nikajiambia labda unanihurumia kwa kuwa ni mgeni wa kazi. Nilitaka urudi ukute kidimbwi kinang'aa kama sufuria ya mgeni. Maji yakapita ngazi ya tatu. Sikuzima. Yakaisha yote, nikavua viatu, nikashuka na brashi na sabuni ya unga, nikasugua huku naimba.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda. Lilikuwa limemeza njia ya gatini na kufika kwenye ua wa hoteli, na udongo wote wa pale ulikuwa umejaa maji chini kwa chini. Nacho kidimbwi chetu hakikuwa cha kujengwa kwa saruji. Kilikuwa cha faiba, kitu kimoja kizima, karai kubwa lililozikwa ardhini. Mimi, mtoto wa mvuvi, niliyekumba maji kwenye mashua ya baba tangu nikiwa na miaka minane, sikujiuliza mashua hufanya nini ikishatolewa maji.

Nilisikia mlio chini ya miguu. Kisha sakafu ikasogea. Vigae vya ukingoni vikapasuka kimoja baada ya kingine, bomba likakatika, na kidimbwi kikapanda, nami nikiwa ndani nimeshika brashi. Kilipanda kama urefu wa mkono na kusimama kimeinama upande mmoja. Niliita jina lako, ukiwa bado Mbita.

Ulipofika na ndoo ya dawa mapajani, hukupiga kelele. Ulisema, "Nyathina, toka huko kwanza." Ulinivuta kwa mikono miwili, ukanitazama miguu kama nimekatwa, ndipo ukakitazama kidimbwi. "Yawa," ukasema. Jamani. Hilo tu.

Meneja alikuja mbio akiuliza nani ameacha pampu. Nilifungua mdomo. Ukanikanyaga kidole, Waya, kwa kile kiatu chako cha raba, ukamwambia, "Ni mimi. Nilisahau kuzima."

"Wewe? Miaka yote hii?"

"Uzee, meneja. Utaifikia tu."

Ulipelekwa kufua mashuka msimu mzima. Mimi nikabaki kwenye kidimbwi kikirekebishwa, kwa kuwa ni mimi pekee uliyekuwa umenifundisha. Wageni wa Desemba walivushwa kwa boti hadi kisiwa cha Takawiri wakaogelee kwenye mchanga, wakarudi wamefurahi, na meneja akajigamba kwamba ni wazo lake. Ndipo, tukikunja mashuka pamoja, ulinimalizia somo: "Hiyo maji ya ndani ndiyo inashika swimingi chini. Ziwa iko hapa chini yetu, inasukuma." Nikakuuliza kwa nini ulijitwika kosa langu. Ukasema wewe umeshajulikana pale, ukianguka wataulizana kulikoni. Mimi nilikuwa sijajulikana, ningeanguka na kusahaulika. Nililia kwenye mashuka safi na ukanifokea kwa kuyachafua.

Tangu siku hiyo hadithi ikawa yako. Mbita nzima ilijua mama aliyefanya kidimbwi kielee. Hata ulipokufa, kwenye mazishi nyumbani kwa mume wako, kule Rodi Kopany, shemeji yako Ochieng' alishika maikrofoni akaisimulia, watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Nilicheka pia. Hilo ndilo lililonitesa mwaka mzima, kwamba ulikuwa kwenye jeneza, hukuweza tena kunikanyaga kidole, na bado sikusema.

Mwezi uliopita tulirudi Rodi kwa maombi ya kumbukumbu. Ochieng' alipoanza tu, "Huyu mama yetu wa swimingi..." nilisimama nikamwomba maikrofoni. Nikasema pampu niliiacha mimi, kwa makusudi, baada ya kukatazwa, na kwamba wewe hukusahau kitu chochote maishani mwako. Nikamtazama binti yako Akinyi, nikingoja hasira zake.

"Tunajua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku hiyo hiyo. Mama alirudi nyumbani akacheka mpaka akalia. Eti ulikuwa umesimama ndani na brashi kama nahodha. Akatukataza kukwambia. Alisema utasema mwenyewe siku ukiweza."

Ochieng' akachukua maikrofoni yake, amenuna kidogo. "Sasa hiyo stori niwache?"

"Usiache," nikamwambia. "Badilisha jina tu."

Waya, nimekukosa. Nakukosa zaidi msimu huu, turubai likitolewa. Siku hizi nasimamia vidimbwi vya hoteli mbili, na mtu mpya akija namwambia sababu kwanza, katazo baadaye, hata boda ipige honi namna gani. Juzi nimefungua kile chetu. Nilisimama kwenye ngazi ya tatu, na maji yaliposhuka hadi nyayoni nikazima pampu kwa mkono wangu. Kisha nikabaki pale muda, nikingoja mtu wa kunivuta nitoke.

Ero kamano, Waya. Asante. Pumzika. Jina lako nimekurudishia, safi kama mashuka yale.

Mimi nyathini, mtoto wako,
niliyemaliza maji.